Transista Arobaini na Moja

Nyegezi, Mwanza
9 Julai 2024

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Shangazi Mwaija. Mimi sijambo. Kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kimeisha, na safari hii bweni letu lina maji. Simu bado haturuhusiwi, kwa hiyo barua nampa Chenge. Amesema kila wiki akija mjini na meli kufuata bidhaa za duka lake atapita hapa getini.

Baba, nina jambo la kifundi. Madam Suzana, mwalimu wetu wa fizikia, ameniandikisha kwenye mashindano ya sayansi ya mwezi wa kumi na moja. Nimesema nitatengeneza mashine ya kutotolea vifaranga, ambayo balbu zake zinajiwasha joto likipungua na kujizima likizidi. Nilimfikiria Shangazi na kuku wake.

Kabla ya kuunganisha chochote tunachora saketi kwenye kompyuta. Kuna programu inayoiga umeme: unachora betri, resista na transista, unabonyeza, na inakuonyesha mkondo unavyopita bila kuunguza kitu. Siku ya kwanza kila nilichochora kilifanya kazi. Nikamwita Madam aone. Akaniuliza, "Hiyo transista umeitoa wapi?" Nikasema imo humohumo kwenye kompyuta. Akasema, "Basi utatotoa vifaranga vya kompyuta."

Alinieleza kwamba kila kifaa kwenye programu kina mistari michache ya namba inayosema kinavyofanya kazi. Mistari hiyo inaitwa modeli. Namba zenyewe ni za transista mpya kutoka kiwandani, na zetu za Nansio zimetolewa kwenye redio mbovu. Nyingine zimeandikwa jina la kiwanda ambacho hakikuzitengeneza. Nimetafuta kwenye mtandao siku mbili, nikapata modeli nne za transista moja, na hakuna mbili zinazofanana. Madam anasema modeli ya kweli itatoka kwa mtu mwenye transista zenyewe na mita.

Huyo mtu ni wewe Baba. Naomba unipimie zile nyeusi zenye miguu mitatu zilizo kwenye kopo la maziwa. Ukiingiza mkondo mdogo, zinaukuza mara ngapi? Niandikie namba.

Mwanao,
Raya


Nansio, Ukerewe
20 Julai 2024

Kwa mwanangu Raya,

Waaleikum salaam, na marahaba mama. Sisi wazima. Shangazi yako mguu unamsumbua kidogo lakini mdomo hauna tatizo lolote, anakusalimu.

Kazi uliyonipa hakuna mteja aliyewahi kunipa. Wao huuliza jambo moja tu, "Fundi, itaongea leo?" Nimenunua betri mpya ya mita kwa ajili yako. Nimezipima mchana kibanda kikiwa na joto, nikarudia asubuhi kukiwa na ubaridi, nisije nikakudanganya.

Ya kwanza imekuza mara 180. Ya pili 176. Ya tatu 183. Nimekufungia hizo tatu kwenye pamba, ziko ndani ya kiberiti alichonacho Chenge. Usiziache juani.

Nilipomwambia Shangazi kwamba unataka kutengeneza mashine ya kuatamia, akasema, "Sasa yule jogoo wangu nimwambie nini?" Lakini jana nimemkuta anahesabu mayai. Ukimaliza mchoro niletee, nami nitaiunda hapa kibandani, tuone.

Soma kwa bidii, na ule.

Baba yako,
Abubakary


Nyegezi, Mwanza
30 Julai 2024

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam aleikum na shikamoo. Mguu wa Shangazi unaendeleaje? Mimi ni mzima, na nina furaha.

Kiberiti kimefika na transista zote tatu ni nzima. Nimeandika modeli kwa namba zako. Ile ya kiwandani ilikuwa inadai transista inakuza mara 250, na sasa naona ilikuwa inajisifu. Kwa namba zako saketi ilikataa mara ya kwanza, nikabadilisha resista mbili, ikakubali. Relei, ile swichi inayovutwa na sumaku, inashika vizuri, balbu zinawaka, joto likifika inaachia. Nimeijaribu zaidi ya mara mia moja.

Madam aliniuliza, "Mzee wako amepima ngapi?" Nikamjibu, "Zote, Madam." Akaandika kwenye daftari lake la mradi. Nilijibu hivyo kwa sababu nakujua Baba, wewe hukisii.

Mchoro ni huu. Nimeuchora kwa rula mara tatu ili usipate shida na mistari yangu. Kwenye karatasi ya kwanza nimeandika "Modeli ya Fundi Abubakary, Nansio". Madam alisema kifaa hupewa jina la aliyekipima.

Mwanao,
Raya


Nansio, Ukerewe
24 Agosti 2024

Kwa mwanangu Raya,

Waaleikum salaam na marahaba. Afya zetu njema, Mungu ashukuriwe. Mguu wa Shangazi umepoa.

Mashine iko tayari. Sanduku ni lile kabati la redio ya marehemu babu yako, nililitoa matumbo nikabakiza mbao. Mchoro wako ni msafi mpaka nimeubandika ukutani. Nilichukua transista kutoka kopo lilelile, nikaunganisha, balbu zikawaka na kuzima kama ulivyosema. Watu walijaa kibandani kuangalia balbu inayojizima.

Shangazi alikuwa na mayai thelathini na mbili. Akaona ni machache kwa mashine ya mwanawe, akaenda kwa jirani wawili, wakampa mengine hamsini na mawili. Wameyaandika kwa mkaa ili vifaranga visigombaniwe: wa kwanza kaweka msalaba, wa pili nukta, na Shangazi hakuweka kitu. Anasema yake atayajua kwa sura. Tumeyaweka ndani tarehe 22, kwa hiyo yatapasuka tarehe 12 ya mwezi ujao. Likizo yako fupi itakuwa imeanza. Njoo uone kazi yako.

Baba yako,
Abubakary


Nyegezi, Mwanza
28 Agosti 2024

Kwa Baba,

Asalaam aleikum, shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo.

Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu bweni zima. Ila Baba, likizo fupi sitakuja. Madam ameruhusu wachache tubaki tutumie chumba cha kompyuta, na kukiwa na watu wengi zamu yangu huwa ni nusu saa tu. Nataka kuongeza sehemu ya unyevu. Nitaviona vifaranga mwezi wa kumi na mbili vikiwa vikubwa. Mwambie Shangazi asinikasirikie.

Mwanao,
Raya


Nansio, Ukerewe
4 Septemba 2024

Kwa mwanangu,

Waaleikum salaam, marahaba.

Mayai yameharibika. Jumapili mchana, tukiwa msibani kwa jirani, inaonekana relei ilikuwa inatetemeka badala ya kushika, mpaka vyuma vyake vikaungana. Balbu hazikuzima tena. Tuliporudi mbao zilikuwa za moto hadi nje. Shangazi alipasua moja, akakuta kifaranga cha siku kumi. Hakupasua la pili.

Sijui kosa liko wapi. Mchoro niliufuata.

Baba yako,
Abubakary


Nyegezi, Mwanza
10 Septemba 2024

Kwa Baba,

Asalaam aleikum. Shikamoo. Poleni sana kwa mayai, na pole nyingi kwa Shangazi.

Baba, nimekaa na kompyuta siku tatu. Nimeweka modeli yako, nimeongeza joto, nimepunguza umeme wa betri, na kila mara relei inashika. Haitetemeki hata mara moja. Kwa hiyo saketi ni nzima. Nafikiri kuna mahali ulikosea kuunganisha, au risasi ya kuchomelea haikushika vizuri. Wewe umezoea redio za zamani, na kazi hii inataka usahihi. Ungenisubiri kidogo, au ungekagua kila kiungo kama nilivyoandika kwenye mchoro, mayai ya watu yasingeungua.

Tafadhali kagua uniandikie ulichokosea, kwa sababu Madam atauliza, na siwezi kusema kwamba modeli ni sahihi na mashine imeunguza.

Mwanao,
Raya


Nyegezi, Mwanza
5 Oktoba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam aleikum na shikamoo Baba. Wiki tatu zimepita. Chenge amepita getini kila Alhamisi, na kila nikimuuliza anasema, "Mzee hakunipa kitu." Nilimuuliza kama mnaumwa. Akasema hapana, akaangalia pembeni.

Kama barua yangu ilikuwa kali, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Raya


Nansio, Ukerewe
19 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Raya,

Waaleikum salaam, marahaba mama. Sisi wazima. Usihofu.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafanya kazi uliyoniomba mwezi wa saba, ambayo sikuifanya.

Uliponiomba nipime transista, nilimwaga kopo lote mezani. Zilikuwa arobaini na moja. Nilipima moja baada ya nyingine, na nyingi zilikuwa chovu. Nikaona aibu. Nikasema mwanangu anakwenda kuzionyesha kwa walimu, siwezi kumpelekea takataka. Nikakuchagulia tatu zilizo bora kuliko zote, kama vile ungekuwa umekuja mgeni nyumbani ukatengewa minofu. Hizo ndizo nilizokufungia kwenye pamba. Uliponiandikia kwamba umemwambia mwalimu nimepima zote, nilisema moyoni, si uongo, nimepima zote. Nikanyamaza.

Mashine ya Shangazi niliiunda kwa zilizobaki. Nimeitoa ile iliyokuwa ndani nikaipima. Inakuza mara 44.

Sasa nimezipima tena zilizobaki, nikakuandikia zote kwenye karatasi ya pili, bila kuchagua. Tatu zako unazijua. Kumi na saba ziko kati ya 60 na 75. Kumi na nne ziko kati ya 40 na 55. Sita ziko chini ya 30. Moja imekufa kabisa, lakini nimeiandika.

Jambo jingine ni hili, nikueleze tu usije ukalisikia kwa mtu. Barua zako sijawahi kuzisoma peke yangu. Zikija namkabidhi Antoni, yule fundi cherehani wa kibanda cha jirani mwenye sauti, anasoma na wateja wanasikiliza. Nilipenda wasikie unavyoandika. Ile ya tarehe kumi nayo aliisoma. Alipofika katikati akapunguza sauti. Nikamwambia endelea, ni barua ya mwanangu.

Viungo vya risasi nilivikagua. Vilikuwa vizima.

Baba yako,
Abubakary


Nyegezi, Mwanza
26 Oktoba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Shikamoo Baba, shikamoo tena.

Nimesoma barua yako nyuma ya maktaba na sikuweza kwenda kula. Baba, kosa ni langu. Sikukuambia nataka ngapi, wala sikukuambia kwamba mbovu ndizo zenye kazi zaidi. Namba tatu, na zote zinakaribiana hivyo, zingepaswa kunishtua. Resista zangu zinaipa transista mkondo unaotosha kama inakuza mara 180. Ikikuza mara 44, relei inavutwa nusu na kuachiwa nusu, na ndiyo maana ilitetemeka. Leo nimeandika modeli ya 44 kwenye kompyuta nikabonyeza. Imetetemeka hapohapo mbele yangu. Ilinichukua dakika nne. Siku zile tatu nilizokaa kukutafutia kosa, sikujaribu hata mara moja kuuliza kama namba zangu ni za transista zote.

Nimemweleza Madam. Nilimwambia pia kwamba niliposema umepima zote nilikuwa sijui, nilisema tu. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya jina langu kwenye orodha ya mashindano, akasema, "Mwaka huu hapana, Raya. Ila hiyo karatasi ya arobaini na moja usiipoteze. Hakuna shule yenye kitu kama hicho."

Nimechora saketi nyingine. Inatumia transista mbili, ya kwanza inaisukuma ya pili, na inafanya kazi hata kwa zile za chini ya 30. Nimeijaribu kwa kila namba uliyoandika, isipokuwa iliyokufa.

Ndani ya barua hii kuna karatasi iliyokunjwa peke yake. Hiyo naomba umpe Fundi Antoni aisome kibandani kwa sauti ileile. Nimeandika hivi: "Mimi Raya binti Abubakary nilimlaumu baba yangu kwa kosa ambalo ni langu. Kazi ya mikono yake ilikuwa safi. Mchoro wangu ndio ulioharibu mayai. Nawaomba radhi Shangazi na wenye mayai, na nawaomba mliosikia barua ya kwanza msikie na hii."

Mwanao,
Raya


Nansio, Ukerewe
9 Novemba 2024

Kwa mwanangu mpendwa,

Waaleikum salaam na marahaba mara zote ulizoniamkia. Sisi hatujambo kabisa. Shangazi ana vifaranga saba, kawaangua kuku mwenyewe, na anatembea akimsifu jogoo.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, taratibu, kwa siku mbili. Ile karatasi Antoni sijampa, na sitampa. Waliosikia ya kwanza walicheka wakaenda zao. Siwezi kumsimamisha binti yangu mbele yao aombe radhi, halafu wapate la kucheka mara ya pili. Nimeiweka ndani ya msahafu.

Mchoro mpya ni mzuri. Tutauunda siku nyingine, hakuna haraka. Kazi zinakwenda vizuri, kibanda kiko vilevile, wateja wapo. Wewe soma. Mashindano yapo na mwakani.

Baba yako,
Abubakary


Nyegezi, Mwanza
15 Novemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam aleikum na shikamoo Baba. Mimi sijambo. Nampa barua hii mwenzangu wa darasani anayekwenda Nansio kesho kwenye arusi ya dada yake, maana nataka ikufikie kabla Chenge hajapita tena huku.

Chenge alipita jana na barua yako, nikaisoma palepale getini. Nilimpa salamu nikamwambia, "Baba amesema kibanda kinakwenda vizuri." Akashangaa. Akasema, "Kibanda gani? Si pale sasa wanauza vocha na kava za simu?" Nikamng'ang'ania mpaka akaeleza. Baba, ameniambia kwamba baada ya ile barua watu walikuwa wakipita wanaita, "Fundi, niwekee mawili, ya kuchemsha." Anasema mwanzoni ulicheka nao. Kisha redio zikaacha kuja, hata zile ulizokwisha kuzitengeneza, wenye nazo wakazichukua wakazipeleka zikaguliwe kwingine. Ulifunga kibanda mwishoni mwa Septemba. Siku hizi uko gatini, kwenye mizani ya magunia ya dagaa. Akasema, "Usimwambie nimekwambia, alinikataza."

Nilihesabu tarehe. Ulipozipima tena zile za kopo, hukuwa na kibanda. Ulizipima nyumbani, baada ya kazi ya magunia.

Sijakasirika Baba. Lakini umenifanyia tena kama ulivyonifanyia mwezi wa saba. Mazuri umeyafunga kwenye pamba ukaniletea, na mabaya umebaki nayo wewe. Mimi nami nilizipokea habari zako kama nilivyozipokea zile namba tatu, nikafurahi, sikuuliza. Hali ya nyumbani nimekuwa nikiijua kwa barua zako tu, na mwezi wa tisa nilikuwa na siku kumi na tano za kuja kuona kwa macho, nikazitumia kwenye chumba cha kompyuta.

Naomba uniandikie hali yako kama ulivyoandika karatasi ile ya pili, bila kuniondolea kitu. Niambie kama mgongo unauma. Niambie Shangazi anasema nini hasa, na wale jirani wawili kama bado wanasalimia. Niambie kama mita bado unayo. Nikijua nitapata pa kuanzia, hata kama ni padogo.

Shule inafungwa tarehe 29. Nitapanda meli ya siku hiyohiyo. Ikifunga gati sitakwenda nyumbani kwanza. Nitakuja moja kwa moja kwenye mizani, wabebaji na wenye dagaa wakiwapo wote, niweke begi chini, nikuamkie. Usiniandikie kunikataza.

Mwanao,
Raya